Zawadi za Kadi ya Mkopo: Nani Azilipaye?

Siku hizi mtu aingiapo benki huonyeshwa kadi ya mkopo, na kabla hajaelezwa khabari ya deni huelezwa khabari ya zawadi: kila shilingi atakayoitumia kwa unga, mafuta ya gari au karo ya watoto itamletea pointi, na pointi zikikusanyika zitageuka tikiti ya ndege au pesa za kurejeshewa. Yafaa jambo hili tulitie katika mizani ya hesabu.

Kwanza tujue fedha hizo zatoka wapi, kwani benki haizitoi mfukoni mwake. Muuzaji apokeaye kadi hukatwa sehemu ya bei, na huko Marekani sehemu hiyo ni kama 2 katika 100. Naye huitia katika bei za bidhaa, akazilipa kila mnunuzi, mwenye kadi na asiye nayo. Mwaka 2010 wataalamu watatu wa tawi la Boston la Benki Kuu ya Marekani walikadiria kwamba nyumba ilipayo kwa fedha taslimu hupoteza wastani wa dola 149 kila mwaka, na nyumba itumiayo kadi hupata dola 1,133. Maana yake ni kwamba mnyonge humchangia tajiri nauli ya safari yake.

Fungu la pili latoka kwa wadeni. Natuseme mtu ametumia shilingi 40,000 katika mwezi, na kadi yamrejeshea 1 katika 100. Zawadi yake ni shilingi 400. Mwisho wa mwezi akalipa 10,000, akabakisha 30,000. Ikiwa benki yatoza 3 katika 100 kwa mwezi, atadaiwa ziada ya shilingi 900. Ameokota 400 na kuangusha 900, naye bado ajiona amepata! Tena ile karatasi ya hesabu humwandikia kiwango kidogo kabisa cha kulipa, naye hudhani kwamba akilipa hicho ametimiza wajibu.

Hata alipaye deni lote asijidhanie salama. Mwaka 2001 ulitangazwa uchunguzi wa MIT, huko Marekani, juu ya watu waliotakiwa kutaja bei ya tikiti za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja takriban mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Noti ikitoka mkononi huuma, kadi haiumi. Basi anunuaye kitu asichokihitaji kwa ajili ya pointi amelipa 100 ili apewe 1.

Yuko basi afaidikaye? Yuko, lakini ni yule tu anunuaye kile ambacho angalikinunua vyovyote, alipaye deni lote kabla ya siku yake, asiyetoa fedha taslimu kwa kadi hiyo (kwani hapo ziada kwa kawaida huanza siku ile ile), na ambaye ada ya mwaka haizidi zawadi yake. Wa namna hiyo ni wachache kuliko wanaojidai.

Kwa Muislamu lipo jambo jingine kubwa zaidi ya hesabu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 12 huko Riyadh, Septemba 2000, lilikata kwamba haijuzu kutoa wala kutumia kadi ya mkopo yenye sharti la riba, hata kama mwenyewe amekusudia kulipa ndani ya muhula usio na ziada. Mwenye kusema, "Mimi hulipa mapema, riba hainigusi," na atazame alichokitilia sahihi: amekwisha kukubali kwamba akichelewa atatoa riba.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza pointi ni ngapi, mwulize karani maswali mawili. Kadi hii yatumia fedha yangu iliyomo benki, au ya kukopa? Na nikichelewa siku moja, mkataba wasemaje? Usikubali jawabu la mdomo. Akuonyeshe mahali palipoandikwa, ukasome mwenyewe nyumbani kabla ya kutia sahihi.