Kabla ya kutia sahihi: udhamini wa mkopo wa kampuni yako

Wakaazi wengi wanaosajili kampuni ndogo huamini kuwa kampuni ikishindwa na deni, mali yao ya nyumbani iko salama. Ni kweli kwamba Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 huitambua kampuni kama mtu anayejitegemea, na deni lake ni lake. Lakini ukitia sahihi kama mdhamini wa mkopo, kinga hiyo unaiondoa mwenyewe.

Tuchukue mfano. Akinyi, ambaye ni mwalimu, na Mwende wana kampuni ya kuuza maziwa, kila mmoja nusu ya hisa. Benki inaikopesha kampuni Sh600,000, na Akinyi peke yake anadhamini. Biashara inaanguka deni likiwa Sh400,000.

Kwanza, benki inaweza kumdai Akinyi Sh400,000 zote. Kumiliki nusu ya hisa hakumpunguzii mzigo, isipokuwa mkataba uwe umeweka kikomo.

Pili, udhamini haumpi nafuu ya kodi. Hasara ya kampuni hubaki katika hesabu za kampuni. Akinyi hawezi kuitoa kwenye mshahara wake anapowasilisha ritani kwa KRA.

Tatu, akilipa, ana haki ya kuidai kampuni pesa hizo. Aweke risiti zenye jina lake, na kikao cha wakurugenzi kiandike kwamba kampuni inadaiwa naye. Kampuni ikipata pesa baadaye, rekodi hizo zitaonyesha kuwa anarudishiwa deni lake, wala si kulipwa mapato mapya ya kutozwa kodi.

Kabla ya kutia sahihi:

1. Soma kikomo cha fedha, muda wa dhamana, na kama inahusu hata mikopo ya baadaye.

2. Wenye hisa wote wadhamini pamoja. Atakayelipa zaidi ya fungu lake anaweza kuwadai wenzake.

3. Ukiweka hati ya shamba lenye nyumba ya familia, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inahitaji idhini ya mume au mke wako. Zungumzeni mapema.

4. Baki na nakala ya kila karatasi. Udhamini unaodaiwa mahakamani lazima uwe umeandikwa na kutiwa sahihi.

Usipoelewa kifungu chochote, muulize wakili kwanza. Sahihi ni ya dakika moja, deni huenda likawa la miaka.