Kabla Sindano Haijagusa Uso: Vidokezo kwa Bibi Harusi wa Pemba

Karafuu zikishauzwa, tarehe za harusi hupangwa, na bibi harusi huanza kuulizia singo, hina na piko. Siku hizi kuna swali jipya: ile rola yenye sindano ndogondogo inayosemekana kufuta mashimo ya chunusi, je, niipitishe usoni au niiache?

Jina lake ni maikronidlingi. Sindano nyembamba hutoboa ngozi vijitundu vingi, mwili hujiona umejeruhiwa, nao hutengeneza kolajeni mpya, ile protini ya ndani inayoipa ngozi unene na mvuto. Daktari wa upasuaji wa Afrika Kusini, Desmond Fernandes, ni mmoja wa walioieneza katika miaka ya 1990. Inasaidia, siwakatazi. Ila kila faida yake hutokana na jeraha, kwa hiyo iendee kama unavyoliendea jeraha.

1. Tazama bega na masikio yako kwanza. Lile kovu la chanjo ya BCG limelala, au limetuna? Matundu ya masikio yalipona vizuri? Ngozi yetu nyeusi hupata keloidi zaidi, yaani kovu linalovimba na kutambaa kupita pale palipoumia. Mimi nilitogwa masikio nikiwa mdogo, na tundu moja la juu likatuna kama punje ya kunde mpaka leo. Ndiyo sababu uso wangu siupeleki kwenye sindano. Kama wewe, mama yako au ndugu yako wa tumbo moja ana alama ya namna hiyo, usianze bila kumwona daktari wa ngozi.

2. Jua unatibu nini. Mabonde mapana yaliyoachwa na chunusi hupungua vizuri. Vishimo vyembamba vinavyokwenda chini sana hubadilika kidogo tu. Chunusi zilizo na usaha usizipitishie rola kabisa, maana utausambaza ugonjwa uso mzima. Zitibu zipoe kwanza. Kwa weusi wetu, sindano ina heri kuliko aina nyingi za leza, kwa sababu leza nyingi huifuata rangi ya ngozi na kuiunguza.

3. Hesabu kutoka siku ya ndoa ukirudi nyuma. Duru moja haitoshi; watu wengi huhitaji tatu au zaidi, zikiachana wiki nne mpaka sita, na kolajeni huchukua miezi kukomaa. Weka duru tatu, kisha acha wiki nane za kupumzika kabla ya singo, maana singo ni kusugua. Hiyo ni karibu miezi mitano. Anayeolewa Shaabani aanze mwezi wa Maulidi. Ukikumbuka zikiwa zimebaki wiki mbili, acha; liwa iliyosagwa vizuri kwenye msio itakupendeza kuliko uso wenye magamba.

4. Rola ya mwenzio usiiguse. Hapa naomba tusikilizane, dada zangu, kwa sababu kwetu kitu kizuri huazimwa: kanga, mkufu, hata kitanda cha bibi harusi. Wembe tulishajifunza kutoazimana, tangu enzi za kampeni za Ukimwi na za kuwahimiza waganga wasichanje watu chale kwa wembe mmoja. Rola ni nyembe mia mbili au zaidi katika mpini mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa nje ya mwili siku saba bado vikiwa hai. Dettol haiingii vizuri kwenye mashina ya sindano, na maji ya moto huharibu plastiki. Mwaka 2018, huko Albuquerque nchini Marekani, ilifungwa saluni iliyokuwa ikichoma nyuso za wateja sindano na kuzipaka damu yao wenyewe. Baadaye wataalamu wa afya walithibitisha kwamba baadhi ya wateja waliambukizwa VVU, na njia iliyoelekea kuwaambukiza ni huduma hiyo. Kwa hiyo fundi afungue pakiti mpya mbele ya macho yako, avae glavu mpya, na sindano aitupe kwenye boksi la sindano ungali umekaa. Akisita, vaa buibui lako uondoke. Hakuna aibu.

5. Sema ukweli kuhusu mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi zinazofanya ngozi kuwa nyembamba, nyingine zina zebaki. Ngozi iliyochakaa hivyo haina nguvu ya kujiponya. Mweleze daktari unachopaka na umepaka kwa muda gani, pamoja na vidonge vya chunusi unavyomeza. Mweleze pia kama una kisukari, una mimba, au hutokwa na vidonda vya homa mdomoni.

6. Liwa, ndimu na mafuta ya karafuu vikae kando kwa wiki nzima. Najua mafuta ya pale kiwanda cha makonyo Wawi ni fahari yetu, lakini yana yujenoli kali, na kwenye ngozi iliyotobolewa huwasha na kuunguza. Mafusho ya udi usiyaelekeze usoni. Tumia maji safi na mafuta mepesi yasiyo na manukato. Ukitawadha, pitisha maji taratibu bila kusugua, kisha kausha kwa kitambaa kisafi. Nikabu ifuliwe kila siku, isikwaruze.

7. Jua ndilo litakaloharibu kazi yote. Ngozi iliyojeruhiwa ikipigwa na jua huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Mwenye karafuu za kuanika jamvini, au mwani wa kufuatwa maji yakitoka kule Micheweni, aombe mtu wa kumshikia zamu kwa wiki moja. Maji ya bahari nayo si rafiki wa vijitundu vibichi. Baada ya hapo, losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu.

8. Uliza urefu wa sindano. Rola ya nyumbani ya robo milimita haifiki penye makovu. Huisaidia krimu kupenya tu, nayo huweza kupenyeza hata krimu mbaya. Zinazotibu makovu ni za milimita moja na kuendelea, na hizo ni za mikono iliyosomea. Usinunue mtandaoni ukajichoma mwenyewe mbele ya kioo. Anza na daktari wa Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee kule Mkoani, akupe rufaa kwa bingwa wa ngozi.

Wekundu na kuvuta kama uliyeungua jua ni kawaida kwa siku mbili tatu. Usaha, homa, maumivu yanayozidi au uvimbe wa macho si kawaida: nenda hospitali siku hiyohiyo, na ile krimu uliyopakwa ichukue mkononi.