SOMO LA MITI: TUKAGUE MICHE KABLA YA KUPANDA



Hapa kwetu Keza mkaratusi ni akiba ya nyumba. Mtu hupanda leo, na baada ya miaka kadhaa hukata nguzo za kujengea, au huziuza akapata sare na madaftari ya mtoto. Basi adui wa mche ni adui wa akiba hiyo.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Tulinunua miche 40 kwa bei nafuu, tukitumaini kupata nguzo za nyumba ya mwinjilisti. Majani yake yalikuwa na vinundu, nasi tukadhani ni upungufu wa mbolea. Tukapanda. Miche ikadumaa, majani yakajikunja, mingi ikafa. Kumbe adui tulimbeba wenyewe kutoka kitaluni.

Adui huyo ni nani? Ni nyigu mdogo mno, urefu wake milimita moja na kidogo tu. Wataalamu humwita Leptocybe invasa. Asili yake ni Australia, kama mkaratusi wenyewe. Alionekana Kenya na Uganda mwaka 2002, na Tanzania mwaka 2005. Jike huweza kuzaa bila dume, kwa hiyo hata wachache hutosha kuanzisha kizazi.

Jike hutaga ndani ya mshipa wa katikati wa jani changa, katika kikonyo na katika kitawi laini. Mahali hapo huvimba. Funza hukaa humo kwa miezi kadhaa, ndiyo maana kunyunyizia majivu juu ya jani hakumfikii. Akisha kuwa nyigu, hutoboa tundu dogo akatoka. Mti mkubwa huweza kuvumilia. Mche huumia zaidi.

Yatupasa kufanya nini?

1. Kabla ya kulipa, tugeuze majani, tupapase mishipa na vikonyo. Tukiona vinundu, tusinunue, hata kwa bei ya chini.

2. Kitaluni, mche wenye vinundu ung'olewe na kuchomwa moto. Ukitupwa kando, nyigu waweza kutoka na kuenea.

3. Tusihamishe miche kutoka mahali palipoambukizwa.

4. Tusipande mikaratusi peke yake. Tuchanganye na misizi na migrevilea, ambayo mdudu huyu haishambulii. Mikaratusi nayo haidhuriki sawa. Tumwulize ofisa misitu aina inayostahimili.

Nchi nyingine zimemtafutia adui wake. Mwaka 2012 Afrika Kusini iliachilia nyigu mwingine mdogo kutoka Australia, ambaye watoto wake humla huyu akiwa ndani ya kinundu. Hiyo ni kazi ya wataalamu. Kazi yetu ni kukagua.

Maswali ya kujadili:

(a) Miche tuliyopanda mwaka huu ilitoka wapi, na nani aliikagua?

(b) Jirani akiwa na miche yenye vinundu, tutamwambiaje bila kumwaibisha?