Tezi ya shingo: somo kutoka kwa kware

Kware, ambaye wafasiri wengi wanasema ndiye salwa aliyetajwa katika Suratul Baqarah aya ya 57, ana tezi shingoni kama sisi. Tezi hiyo hutumia madini joto kutengeneza homoni.

Homoni ikipungua, kifaranga hudumaa na hushindwa kuhimili baridi, na jike hupunguza kutaga. Ikizidi, ndege hukonda. Tena homoni ya mama huingia katika kiini cha yai. Mama akipungukiwa, kifaranga huchelewa kuanguliwa, ilhali kwa kawaida huchukua siku 17 hivi.

Kwa binadamu pia, mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama yake, hasa miezi 3 ya mwanzo. Upungufu mkubwa huleta rovu kwa mama, mimba kuharibika, au mtoto kuzaliwa akiwa amedumaa akili na mwili.

Basi nunua chumvi yenye madini joto, ifunike vizuri mbali na jua na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Mwenye uvimbe shingoni, hasa mjamzito, awahi kituo cha afya.