Nyumba Kubwa, Kasisi Mwenye Madeni

Swali: Nyumba ya kasisi ya Epworth, Uingereza, ni kubwa kweli. Je, Samuel Wesley, kasisi aliyeishi humo, alikuwa tajiri?

Jibu: Hapana. Mwaka 1705 alifungwa Lincoln kwa sababu ya deni. Nyumba ya awali, ya mbao na paa la nyasi, iliteketea Februari 1709. Mwanawe John, mwenye umri wa miaka 5, aliokolewa kupitia dirisha. Mwaka huohuo ikajengwa upya kwa matofali, na humo naona hofu ya moto zaidi kuliko majivuno. Utasema: mbona alipokea fungu la kumi? Kweli, ila nyumba iliambatana na cheo, haikuwa mali ya ukoo. Alipofariki mwaka 1735, mjane wake Susanna alilazimika kuhama.