Wakala wa Intaneti Huficha Nini, na Nani Asione?

Mwaka huu nimeona tuzungumze juu ya neno moja ambalo vijana wa huku kwetu, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, hulitaja kila intaneti inaposumbua. Neno lenyewe ni proksi. Wako wanaosema "weka proksi" kama mtu anavyosema "weka chumvi". Lakini ukiwauliza hiyo proksi yafanya nini, jibu ni moja tu: "Inakuficha." Haya, inakuficha nani asikuone? Hapo kimya.

Kwa kuwa hiki ni chama cha Kiswahili, tuanze na jina. Proksi twaweza kuiita wakala. Taabu ni kwamba huku kwetu ukitaja wakala, mtu atageuza shingo kutafuta duka la M-Pesa. Hata hivyo neno hili lina ukoo. Wakala na wakili ni ndugu wa shina moja la Kiarabu, na maana yao ni mtu kusimama mahali pa mwenziwe. Mfano mwaujua kutoka harusini. Bwana harusi yuko Dubai kikazi na hakupewa ruhusa ya kuja. Aweka wakili, naye wakili aketi mbele ya kadhi akubali kwa niaba ya yule aliye mbali, na nikaha ikafungwa. Wakala wa intaneti hufanya kazi hiyohiyo, ila kwa tofauti moja kubwa. Wakili wa harusi lazima amtaje bwana harusi kwa jina, lakini wakala wa intaneti kazi yake ni kutomtaja.

Sasa tuitizame safari yenyewe. Simu yako ikitaka kufungua ukurasa, hutuma vifurushi vidogo vidogo vya habari viitwavyo pakiti. Kila pakiti ina anwani mbili kama bahasha: inakokwenda na ilikotoka. Kutoka simuni huenda hadi mlingoti, kisha kwa kampuni ya simu, na kama ukurasa uko ng'ambo, hushuka baharini. Hili si neno la kupamba. Waya wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, na waya wa SEACOM ulifika mwaka huohuo. Mnamo Februari 2012 meli iliyokuwa ikingojea kuingia bandarini ilitia nanga mahali pasipotakiwa, ikaukata waya wa TEAMS, na intaneti ya nchi kadhaa ikawa ya kujikokota. Kwa hiyo msidhani intaneti iko hewani tu!

Katika safari hiyo wako watu wanaoweza kuisoma bahasha yako. Wa kwanza ni mwenye Wi-Fi, awe mwenye mkahawa au jirani aliyekupa nenosiri. Wa pili ni kampuni ya simu. Wa tatu ni mwenye ukurasa unaouendea, ambaye huona anwani yako ya kurudishia majibu, na kwa anwani hiyo anaweza kukisia uko nchi gani, pengine hata mji. Lakini siku hizi kurasa nyingi huanza na herufi https, na ile "s" ndiyo kufuli. Kufuli likiwapo, mwenye Wi-Fi na kampuni ya simu kwa kawaida wataona jina la tovuti uliyokwenda, lakini hawatasoma ulichoandika ndani. Wataona ulikwenda hospitalini, kwa mfano, bali hawatasikia ulivyomweleza daktari. Na jamani, hata kujulikana tu kwamba ulikwenda si jambo dogo. Msichana anayesoma habari za ugonjwa asiotaka nyumbani wajue, au kijana anayetafuta pa kuripoti mtu anayemdhulumu, ana haki asifuatwe nyuma. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, yataja haki ya faragha, nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja mwaka 2019.

Ukiweka wakala, bahasha yako haiendi moja kwa moja. Yaenda kwake kwanza. Yeye huifungua ile ya nje, atoe ya ndani, aandike anwani yake mwenyewe mahali pa "kutoka", kisha aipeleke mbele. Majibu hurudi kwake, naye akakuletea. Mwenye tovuti aona anwani ya wakala, si yako. Na kama njia ya kutoka kwako hadi kwa wakala imefungwa kwa siri, kama ilivyo kwenye VPN, basi hata mwenye Wi-Fi na kampuni ya simu wataona tu kwamba wazungumza na wakala, hawajui wakala akutuma wapi. Proksi ya kawaida haiongezi kufuli hilo. Hapa ndipo wengi huchanganya mambo mawili wakayaita jina moja.

Umeona kilichotokea lakini? Siri haikupotea, imehama nyumba. Yale yote yaliyokuwa yakionwa na kampuni ya simu, sasa ayaona wakala. Kampuni ya simu walau waijua ofisi yake na kuna sheria ya kuishtaki. Je, huyu wakala wa bure uliyempata jana usiku, ni nani? Anakaa wapi? Nani amlipia umeme?

Sisemi kwa kubuni. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni iitwayo Onavo, iliyokuwa na programu ya simu. Onavo Protect iliwaambia watu kwamba itawalinda, nao wakaipitishia habari zao zote. Kumbe ilikuwa ikikusanya habari za programu wanazotumia watu na muda wanaozitumia, na mwenye kampuni akizisoma kwa faida ya biashara yake. Apple iliilazimisha iondoke kwenye duka lake mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikatoza kampuni tanzu mbili zilizohusika faini ya dola milioni 20 za huko. Ikiwa kampuni kubwa yenye jina ilifanya hivyo, yule asiye na jina ataogopa nini?

Liko jambo moja ambalo ningependa kila mtu alishike. Wakala akikutaka uweke "cheti" kwenye simu yako ndipo akuhudumie, kataa. Kufuli la https hutegemea vyeti ambavyo simu huviamini. Ukiingiza cheti cha mgeni, umempa ufunguo wa kufungua bahasha ya ndani, aisome, na kuifunga tena bila wewe kujua. Hapo nenosiri la benki na la barua pepe ni lake. Ile menyu ya M-Pesa ya kwenye laini haipiti kwenye intaneti, kwa hiyo wakala haigusi. Lakini programu ya M-Pesa yatumia intaneti kama programu nyingine. Mimi nikiambiwa nichague, sipitishi pesa kwa wakala nisiyemjua.

Tena kuna yale ambayo wakala hayafichi kabisa. Ukiingia kwenye akaunti yako ya Google au Facebook kwa jina lako, umejitaja mwenyewe, na wakala hana la kufanya. Mlingoti wa simu bado wajua simu yako iko Mtongwe au Mikindani, kwa sababu laini lazima izungumze na mlingoti ndipo ifanye kazi. Kama mnunuzi wa Kongowea amevaa miwani meusi huku akiita jina lake kwa sauti, miwani yamfaa nini?

Hapa nataka kugusa lililotuhusu sisi wanafunzi. Novemba 2023, na tena Novemba 2024, wakati wa KCSE, Telegram ilizimwa Kenya kwa sababu ya wanaouza karatasi za mtihani humo. Siku zile vijana wengi walikimbilia proksi. Telegram ina mahali pa kuwekea proksi ndani yake, na WhatsApp nayo iliongeza Januari 2023. Wakala wa namna hii huhudumia programu hiyo moja tu, si simu nzima. Mwenye proksi ya Telegram aweza pia kukuonyesha chaneli anayoitangaza yeye. Basi fikiria mtahiniwa anayetafuta karatasi, akipitia kwa wakala asiyemjua, akaonyeshwa chaneli ya kuuza karatasi, nyingi zikiwa za uongo! Upande wa pili, yuko mfanyabiashara aliyekuwa akiwasiliana na wateja wake kwa Telegram, naye akafungiwa bila kosa. Huyo proksi ilimfaa kweli. Uganda waliyaona hayo mapema zaidi. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 za huko kwa siku kwa anayetumia Facebook, WhatsApp na Twitter. Watu wengi wakahamia VPN. Kodi hiyo ilifutwa 2021, ikaja ya asilimia 12 juu ya data yenyewe, ambayo VPN haiikwepi.

Kwa anayetaka kujaribu kwenye Android (simu shuleni marufuku, nazungumzia ya nyumbani wakati wa likizo): fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao uliounganishwa nao, tafuta palipoandikwa proksi, uandike jina la seva na namba ya mlango. Wakala huyo atafanya kazi kwa Wi-Fi hiyo pekee. Ukiingia kwenye data za laini, hayupo. Programu nyingine pia humpuuza zikapita njia yao. Anayetaka simu nzima ipite mahali pamoja atahitaji VPN, na asiyetaka kumwamini mtu mmoja atumie Tor, ambayo hupitisha bahasha kwa mawakala watatu. Wa kwanza akujua wewe lakini hajui uendako, na wa mwisho ajua uendako lakini hakujui. Ni ya polepole, nawaambia mapema.

Na kama likizo wavuka Lungalunga kwenda kwa shangazi Tanga, jua kwamba Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka wanaotumia VPN kujiandikisha kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Uliza kwanza sheria ya huko ikoje kabla hujawasha chochote.