KABLA HUJALIPA ADA YA SHULE YA UUGUZI



Vijana wengi kambini wanataka kuwa wauguzi. Ni kazi ya heshima na inahitajika kila mahali. Lakini cheti cha shule peke yake hakikupi ruhusa ya kumhudumia mgonjwa. Hapa Rwanda ruhusa hiyo hutolewa na Baraza la Taifa la Wauguzi na Wakunga, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Asiyeandikishwa na Baraza haruhusiwi kufanya kazi ya uuguzi. Kwa hiyo, chunguza shule kabla ya kutoa fedha.

Zijue ngazi za masomo

A2: Ni masomo ya sekondari. Rwanda iliamua kuiondoa ngazi hii mwaka 2007. Mwaka 2021 masomo ya muuguzi msaidizi yalianzishwa katika shule chache za sekondari. Mwanafunzi huingia baada ya kufaulu mtihani wa taifa wa mwaka wa tatu, na husoma miaka mitatu.

A1: Ni diploma ya miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari.

A0: Ni digrii ya chuo kikuu.

Ikiwa ulisomea uuguzi Kongo au Burundi, usianze upya bila kuuliza. Tunza vyeti vyako vyote, pamoja na matokeo ya kila mwaka, kisha uliza namna ya kuvilinganisha na vya hapa.

Mambo manne ya kuuliza shule

1. Je, shule imetambuliwa na serikali? Omba kuona barua, usitosheke na maneno.

2. Je, anayemaliza hapa anaweza kuandikishwa na Baraza? Usiishie shuleni, liulize Baraza lenyewe.

3. Mazoezi yanafanyika hospitali gani, kwa majuma mangapi? Uuguzi haujifunzwi ubaoni tu. Chukua mfano wa Hospitali ya Kibagabaga, wilayani Gasabo, mjini Kigali, ambayo ni hospitali ya kufundishia. Katika hospitali ya namna hiyo mwanafunzi hukutana na mama anayejifungua, mtoto mwenye homa na mgonjwa aliyepasuliwa, huku akisimamiwa na muuguzi mwenye uzoefu. Shule isiyoweza kukutajia hospitali yake, iogope.

4. Gharama zote ni kiasi gani? Ongeza sare, vitabu, malazi na nauli ya kwenda mazoezini. Mtu anaweza kuacha masomo kwa sababu ya nauli, hata kama amelipa ada. Kwa masomo ya chuo kikuu, uliza pia kuhusu udhamini wa DAFI wa UNHCR, ulioanza mwaka 1992.

Angalia usidanganyike

Mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza, au ya mhudumu wa afya kambini, ni mazuri na yanaokoa maisha. Lakini hayakufanyi kuwa muuguzi. Akija mtu na kukuahidi uuguzi kwa miezi michache, ujue anatafuta fedha zako. Fedha zikipotea ni hasara. Miaka ikipotea hairudi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kuna tofauti gani kati ya cheti cha shule na ruhusa ya kazi?
2. Jirani anataka kuuza mbuzi wake amlipie binti yake kozi ya miezi sita ya uuguzi. Utamshauri aulize nini kwanza?

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako karatasi hii.